Kikoba cha Jumapili: wanawake sita na PhD zetu Marekani

Niliondoka Dar nikiwa mhadhiri msaidizi, mama wa mtoto mmoja, na mkononi nina barua ya ufadhili wa PhD ya sayansi ya udongo kwenye chuo kikubwa cha umma katikati ya Marekani, kule kwenye mashamba ya mahindi na soya yasiyokwisha. Barua ilitaja posho, bima ya afya na msamaha wa ada. Kanisani wakaniombea. Mjomba akasema nimetoka kimaisha. Sasa kila mwaka ikifika Juni napokea ujumbe wa mabinti waliopata nafasi kama yangu, na maswali ni yale yale: jaketi la baridi, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, ubalozini wanauliza nini. Jaketi mtanunua la mtumba hukohuko. Ada ya SEVIS lipeni mapema, risiti mchapishe. Mengine yote niliyojifunza ni marefu zaidi, ndiyo maana nayaandika mahali pamoja.

Kwenye idara yetu nilikuwa mwanamke mweusi peke yangu kati ya wanafunzi wa PhD. Msimamizi wangu hakuwa mtu mbaya. Alinipokea mwenyewe uwanja wa ndege, na mkewe akanipa blanketi na sufuria. Shida ni kwamba chuo kina sheria zilizoandikwa na sheria zinazopita midomoni. Profesa gani ukimweka kwenye kamati yako ya tasnifu utazeeka hapo. Fedha za kwenda kwenye mkutano wa kitaaluma anaombwa nani, na zinaisha mwezi gani. Msimamizi akisema "wazo la kuvutia" kwa sauti fulani, maana yake liache. Wenzangu waliyapata haya Ijumaa jioni baa, wakinywa bia na baadhi ya maprofesa. Mimi mlokole, sina gari, na nina mtoto Morogoro kwa bibi yake anayesubiri sura ya mama kwenye simu kila akiamka. Ijumaa jioni nilikuwa chumbani. Hakuna aliyenifukuza, ila hata wa kunikaribisha hakuwepo.

Mwaka huohuo wa kwanza, usiku nikiwa maabara napima sampuli, mlinzi wa chuo aliingia akaomba kitambulisho. Nikampa. Akakitazama, akanitazama, akauliza nani kaniruhusu kuingia. Kwa Mtanzania mlinzi kudai kitambulisho si habari. Getini kwetu wanakagua hadi mkoba wa chakula. Nikalisahau. Baadaye nikalisimulia kama kichekesho mbele ya dada mmoja wa Alabama anayesoma historia, naye hakucheka. Aliuliza tu: "Yule Mchina mnayefanya naye kazi, ameshawahi kuulizwa?"

Kesho yake nikamuuliza. Yuko pale miaka, usiku na mchana, na hajawahi.

Swali lile moja lilinifundisha zaidi ya semina nzima ya ubaguzi ambayo chuo kilitupitisha siku za mwanzo. Tangu hapo, jambo likinitatiza sijiulizi "ni ubaguzi au si ubaguzi?", maana utakesha. Nauliza: mwenzangu wa meza ya pili hufanyiwa hivi? Jibu lake linaweza kutafutwa, na mara nyingine linanituliza kabisa, kwa sababu kumbe na yeye hufanyiwa.

Dada huyo wa Alabama nilimpata kupitia mwingine, mwanamke wa Detroit aliyekuwa na miaka arobaini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusomea PhD ya elimu. Tulikutana kituo cha basi. Aliniuliza nasoma nini, ninaishi wapi, nakula nini. Kisha akasema: "Jumapili saa kumi jioni, kwangu. Lete chakula na kurasa mbili ulizoandika wiki hii. Huna kurasa, usije." Nilidhani ni utani. Jumapili nikaenda na wali wa nazi bila kurasa. Akaupokea wali, akanipa kalamu na daftari, akanielekeza kwenye kiti cha pembeni ya jokofu nikaandike kwanza, wenzangu wakiwa wanakula.

Tulikuwa sita. Huyo wa Detroit, ambaye mimi nilizoea kumwita Dada Mkubwa hadi wote wakadaka. Wa Alabama. Mjamaika aliyekulia Brooklyn, uhandisi wa kemikali. Mnigeria, famasia. Binti wa Chicago, mdogo kuliko sote, saikolojia. Na mimi. Hakuna wawili wenye msimamizi mmoja, na hilo halikutokea kwa bahati. Dada Mkubwa alikuwa ameshakuwa na kikundi kingine kabla ya hiki, kikafa. Anavyosimulia mwenyewe, walikuwa wanakutana, wanalia, wanakula, wanarudi makwao wepesi moyoni na bila hata sentensi moja mpya. Halafu wawili waliokuwa chini ya profesa mmoja wakakosana kwa maneno yaliyovuja, na kikundi kikaishia hapo.

Aliposimulia hivyo nikamkumbuka mama yangu. Mama amekuwa mwekahazina wa kikoba mtaani kwetu tangu nasoma sekondari. Sanduku lao ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo wanashika wanawake watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wawepo. Ukichelewa, faini. Simu ikiita kikaoni, faini. Kuna hisa, kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, na mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Wale kinamama wanapendana, ndiyo, lakini kikoba hakiendeshwi na mapenzi. Wengine wamewahi kununiana msimu mzima na bado kila wiki wakaja, kwa sababu fedha yao iko mle ndani. Nikawaambia wenzangu: tuandike katiba.

Walicheka. Kisha Mjamaika akasema bibi yake Kingston alicheza upatu miaka yote, kwao huita pardner. Mnigeria akasema ajo. Wa Alabama akasema bibi yake alikuwa kwenye chama cha kuzikana cha kanisani, maana zamani kampuni za bima hazikuwataka weusi au ziliwatoza zaidi, kwa hiyo watu wakachangiana wenyewe. Katiba ikaandikwa jioni ile, ukurasa mmoja.

Nitaeleza vipengele vilivyofanya kazi, maana vingine tulivifuta.

Kila mtu alipewa dakika ishirini, na mshika saa hana huruma. Kabla hujaanza, unatamka unachotaka: msaada wa kusoma ulichoandika, ushauri, au kusikilizwa tu. Kipengele hiki cha mwisho kilituokoa na ugomvi mwingi. Mimi nimelelewa na watu ambao ukisema kichwa kinauma unapewa dawa tano kabla hujamaliza sentensi. Kukaa kimya mwenzio akilia bila kumpa suluhisho ilinichukua muda. Ya pale yanabaki pale. Kuchelewa ni dola 5. Uenyekiti ni wa mwezi mmoja, kwa zamu. Hiki tulikiongeza baadaye, Dada Mkubwa alipoacha kupokea simu siku kadhaa na tukagundua kwamba sote watano tulikuwa tumemgeuza mama. Alikuwa na tasnifu yake, ana mume mgonjwa, na bado alikuwa akikumbuka tarehe za mitihani yetu. Akisimulia leo anasema alikuwa karibu kutuchukia. Ukiona kwenye kikundi chako kuna mmoja ambaye kila mtu humpigia, mpumzisheni kabla hajajipumzisha mwenyewe.

Kuhusu kusoma kazi za watu. Mtu anaweza kuuliza, mwanahistoria atanisaidia nini na naitrojeni kwenye udongo? Atakusaidia kuliko mwenzako wa idara. Pendekezo langu la utafiti lilianza na aya iliyojaa istilahi, wa Alabama akaisoma kwa sauti, akafika katikati akaweka karatasi chini, akaniuliza kwa upole: "Mkulima huyu ana tatizo gani hasa?" Nikamweleza kwa maneno ya kawaida. "Basi andika hivyo hivyo ulivyosema." Aya ile ndiyo iliyopita kamati bila alama hata moja ya kalamu nyekundu.

Mara nyingi kusoma huku kulikwenda na kusukana. Saluni za mjini kwetu, za dada wa Kisenegali, rasta zilikuwa dola 200 na kitu, na mpaka ufike kwa basi ni safari. Kwa hiyo mmoja anakaa chini kwenye zulia, kichwa katikati ya magoti ya mwenzie, mkia wa kitana unapasua njia, mafuta kwenye kifuniko cha chupa, na yule anayesukwa ndiye anayesoma sura yake kwa sauti kwa sababu hawezi kukimbia. Binti wa Chicago alikuwa na mkono mwepesi. Akifika sentensi mbovu anavuta unywele kidogo. Unaruka, unaifuta.

Hapa niweke onyo kwa wenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi. Msukie rafiki bure upendavyo. Ukianza kulipwa, hiyo ni kazi nje ya chuo bila kibali, na viza yako iko hatarini. Wakati wa muhula ni saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo, basi. Mnigeria wetu aliwahi kushawishika, maana wateja walimfuata hadi mlangoni na dola mkononi. Tulimzuia kwa kumkopesha kutoka kwenye mfuko.

Na mfuko ndio huu. Posho za wengi wetu zilikuwa za miezi tisa, kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Mei. Barua ya ufadhili inaandika jumla ya mwaka, kwa hiyo ukiwa Dar unagawa kwa kumi na mbili na kufurahi. Kiangazi kikifika hakuna kitu, na kodi ya nyumba haijui kiangazi. Mimi nilikuwa napata kama dola 1,900 kwa mwezi baada ya makato. Chumba 700, nyumbani natuma 250 za mtoto na mama. Tukakubaliana kila mmoja aweke dola 100 kwa mwezi. Akaunti tulifungua kwenye ushirika wa akiba na mikopo wa pale mjini, kama SACCOS zetu, sahihi za watu wawili. Mei tunavunja, kila mtu anachukua 900 zake. Katikati ya mwaka unaweza kukopa bila riba na ukarudisha kabla ya kuvunja. Dola mia tisa hazimalizi miezi mitatu, lakini zinalipa kodi ya mwezi na kubaki na chakula, na zinakupa ujasiri wa kuomba ruzuku ndogo ya kiangazi bila kutetemeka. Mfuko huo ulilipa gari bovu la wa Chicago, ulilipa hospitali mwanangu alipolazwa kwa malaria, na ulimnunulia Mjamaika tiketi ya kwenda kuzika.

Binti unayesoma hii, uliza kabla ya kusaini: posho ni ya miezi mingapi? Bima inaendelea kiangazi? Kuna ada ndogondogo ambazo msamaha haugusi? Mimi nilikuta kila muhula kuna mamia ya dola za ada hizo. Na Aprili ujaze fomu za kodi. Fomu 8843 mwanafunzi wa kigeni wa miaka ya mwanzo anaipeleka hata kama hakupata kipato chochote.

Kuna jambo moja la kidonda ambalo Waafrika hatupendi kulisema. Kwenye chakula cha jioni cha wageni wa idara, profesa mmoja, amechangamka, aliniambia kwa sifa kwamba mimi ni tofauti na wanafunzi weusi wa hapa, sisi wa Afrika tuna bidii na hatuna malalamiko. Meza nzima ikatabasamu. Nililipeleka Jumapili. Nikamaliza kusimulia, hakuna aliyesema kitu. Kilichosikika ni jokofu. Mwisho Dada Mkubwa akauliza: "Na wewe ulimjibu nini?"

Sikuwa nimejibu kitu. Nilikuwa nimetabasamu na meza.

Hawakunifukuza, wala hawakunihubiria. Wa Alabama alianza kuzungumzia mlango ambao mimi niliupita nikidhani ulikuwa wazi siku zote, na akaeleza nani aliusukuma. Mwaka 1907 Georgiana Simpson alifika bweni la Chuo Kikuu cha Chicago. Wanafunzi wa kizungu wakagoma kuishi naye, na rais wa chuo akamwondoa. Akaishi nje, akasoma kwa vipande, kiangazi na kwa barua, huku akiwa mwalimu Washington. Juni 1921 alipata PhD yake ya lugha ya Kijerumani, umri umeshapita miaka 50. Mwezi huohuo Sadie Mossell alipata ya uchumi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na Eva Dykes ya Kiingereza Radcliffe, chuo cha wanawake. Hao watatu ndio wanawake weusi wa kwanza wa Marekani kupata PhD. Kisha Sadie akakosa kazi ya uchumi iliyomstahili, akaenda Durham kufanya kazi kwenye kampuni ya bima ya watu weusi, halafu akarudi kusoma sheria na kuhitimu 1927. Nilichokiokota mimi kwenye simulizi hiyo ni kitu kidogo: mwaka 1919, PhD haijaisha, Sadie alichaguliwa rais wa kwanza wa kitaifa wa Delta Sigma Theta, umoja ulioanzishwa na wanafunzi wa kike wa Howard, chuo kikuu cha watu weusi, mwaka 1913. Alikuwa anajenga kikundi na kuandika tasnifu kwa wakati mmoja. Nami nikawasimulia Wangari Maathai, aliyesoma Kansas na Pittsburgh miaka ya 1960, akapata PhD yake Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Mnigeria akasema basi na sisi tuna bibi.

Profesa yule aliponisifia tena, muhula mwingine, nilimwambia kwamba walionisomea pendekezo langu ni wanawake weusi wa hapahapa. Akasema "oh". Sikupata adhabu yoyote. Nasema hivyo kwa sababu hofu ya kuadhibiwa ndiyo hutufunga mdomo, na mara nyingine adhabu ipo kweli, kwa hiyo pima.

Swali la nani aingie lilitugawa zaidi ya mara moja. Mnigeria alikuwa na rafiki Mzungu mwema sana. Wa Chicago alitaka mchumba wake, mweusi, naye akisoma PhD. Tulikataa wote wawili, na Mnigeria alinuna. Dada Mkubwa alitoa mfano wa kesi ambayo mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliiandika mwaka 1989. Wanawake watano weusi waliishtaki General Motors, kampuni ya magari, miaka ya sabini. Kampuni ilikuwa imeajiri weusi, wanaume kiwandani, na imeajiri wanawake, Wazungu ofisini. Mahakama ikakataa kuwasikiliza kama wanawake weusi, ikataka wachague upande mmoja. "Jumapili mbili-tatu kwa mwezi," akasema, "nataka nikae mahali nisipochagua." Huyo rafiki Mzungu alibaki kuwa rafiki, alinifundisha kuendesha gari kwenye theluji. Mambo mengine yana chumba chake.

Mjamaika alishindwa mtihani wa kufuzu wa mdomo. Wanakamati wawili walisema hayuko tayari, bila kueleza zaidi. Usiku ule alikuwa ameshafungua sanduku la nguo. Tulikwenda sote, tukala, tukamwacha alale. Asubuhi wa Alabama akaja na kitu anachokiamini kuliko wimbo wowote wa kutia moyo: mwongozo wa wanafunzi wa uzamili, amechapisha, amepigia mistari. Mwongozo ulisema mtihani unarudiwa mara moja, ukatoa muda, na ukasema mwanafunzi ana haki ya maelezo ya maandishi kuhusu alipopungukiwa. Akaandika kuyaomba. Yalipokuja yalikuwa mistari minne, na mistari hiyo ndiyo tuliyoifanyia kazi. Tukapanga kamati ya uongo: sisi watano upande mmoja wa meza, yeye ubaoni. Mimi nilipewa nafasi ya profesa mkorofi, nikaifurahia kuliko nilivyotarajia. Hatukujua kemia yake, kwa hiyo tuliuliza "kwa nini?" hadi akachoka kukariri akaanza kueleza. Akarudia mtihani, akapita.

Soma mwongozo wa idara yako wiki ya kwanza. Hasa kurasa za kurudia mtihani, kubadili msimamizi, likizo ya ugonjwa au uzazi, na ukomo wa miaka. Uliza pia kama chuo kina ofisi ya msuluhishi. Vyuo vingi vikubwa vinayo, na unaweza kwenda kwa siri kabla jambo halijawa malalamiko rasmi. Na kila baada ya kikao na msimamizi, tuma barua pepe fupi siku hiyohiyo: asante kwa muda wako, nilivyoelewa tumekubaliana hili, hili na hili, nitaleta rasimu tarehe fulani, nikikosea nisahihishe. Haina ukali wowote. Lakini miezi sita baadaye msimamizi akisema hakukuambia, hamna haja ya kubishana, unarudi kwenye barua. Barua ya hasira, kinyume chake, kwetu ilikuwa haitumwi mpaka wawili wameisoma na usiku mmoja umepita. Nyingi hazikutumwa kabisa.

Sasa la wa Chicago. Mwaka wake wa tatu alianza kuja bila kurasa, akilipa faini na kucheka. Kisha akaacha kucheka. Tukajipanga zamu: huyu ampigie Jumatatu, huyu ampelekee chakula Jumanne, huyu alale kwake. Tulijiona tunafanya vizuri, na kwa siku chache ilisaidia. Lakini alikuwa halali usingizi, hali chakula, na alishaanza kusema maneno ambayo mtu mwenye mafunzo angeyasikia mapema kuliko sisi. Na yeye mwenyewe anasoma saikolojia! Dada Mkubwa ndiye aliyesema wazi kwamba jambo limetuzidi. Akampeleka kituo cha ushauri nasaha cha chuo, akakaa naye chumba cha kusubiri. Vituo hivyo mara nyingi hutoa vikao vichache vya bure kisha wanakuelekeza nje. Wa nje tulimpata kwenye orodha ya Therapy for Black Girls, aliyoianzisha mwanasaikolojia Joy Harden Bradford, inayoonyesha wataalamu kwa mji na bima wanayopokea. Kama uko Marekani na mwenzako anazungumzia kufa, piga au tuma ujumbe 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, usiku wowote. Maombi yaendelee pia, mimi niliomba. Lakini mama zetu kwenye kikoba mtu akiugua hawamtibu wao. Wanatoa fedha kwenye mfuko wa jamii aende hospitali.

Alichukua likizo ya muhula mmoja, ambayo ipo kwenye mwongozo, na mwisho aliamua kuondoka na shahada ya uzamili. Kuna aliyesema kikundi kimeshindwa. Tulibishana vikali, mpaka mwenyewe akaingilia: "Niko hai, nina kazi, nina shahada. Nani ameshindwa hapa?" Tulimwekea hisa yake hadi Mei kama wengine.

Watano tulimaliza, kwa miaka tofauti. Nilitetea tasnifu yangu kwa video, mama na mwanangu wakiwa sebuleni Morogoro, umeme ukakatika kwao dakika ya kumi. Nimerudi kazini. Bado tunakutana, mara moja kwa mwezi, saa saba mchana kwao na saa tatu usiku kwangu, na bado tunaleta kurasa, sasa ni makala na maombi ya ruzuku.

Ukifika ugenini usisubiri kituo cha basi kama mimi. Tafuta umoja wa wanafunzi weusi wa uzamili. Vyuo vingi vinao. Nenda idara ya masomo ya Wamarekani weusi hata kama unasomea mbolea, salimia katibu, uliza nani anakutana na nani. Usijifungie na Watanzania pekee, na usiwakimbie. Wakipatikana wanne tu wanatosha. Wakizidi saba, dakika haziwatoshi. Jumapili ya kwanza pelekeni chakula na kurasa, andikeni katiba kabla hamjapendana sana, na akaunti iwe na sahihi mbili.